Tulivyorudi Wanane Kutoka Kisiwani

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa hadithi za majini. Nasomea upimaji ardhi hapa Machakos na kazi yetu ni namba. Kitu kisichopimika huwa nakipita tu. Lakini hiki kiliniegemea bega, na bega ni langu, kwa hivyo usiniambie eti nilisimuliwa.

Chuo kilikuwa kimefungwa. Wenzetu wengi walienda Pwani, sisi wanane tukaamua Masinga. Usishangae. Katikati ya lile bwawa kuna visiwa. Vilikuwa vilima vya kawaida kabla bonde halijajazwa maji. Tulikodi mashua ya Kilonzo, mvuvi wa hapo, yenye injini ndogo na tanga alilojishonea kwa turubai. Siku tatu tulienda kisiwa hadi kisiwa, tukipika na kulala kwenye mahema. Nakwambia ilikuwa raha. Upepo ukija, Kilonzo anazima injini, tunateleza kimya, hadi unasahau kama uko Ukambani.

Kiongozi nilikuwa mimi, kwa sababu napenda kuamrisha, hilo nakubali. Tena shangazi alikuwa ameniachia binti yake, Mwende, ambaye tunasoma naye darasa moja. Mwende hajui kuogelea. Siku tunatoka Kathiani, shangazi alimkabidhi Mwende sufuria yake kubwa, akanikabidhi mimi Mwende, akasema anataka vyote viwili virudi.

Halafu susu, nyanya yetu, akanivuta kando. Susu hahesabu mbuzi wake hata leo. Jioni anasimama mlangoni pa zizi na kuwaita mmoja mmoja.

"Usihesabu watoto wa watu," aliniambia. "Waite majina."

Nikasema sawa susu, na moyoni nacheka. Majina yote hayo kila tukipanda mashua, nani ako na hiyo nguvu? Nikawa nahesabu jaketi za kuelea, zile za rangi ya machungwa. Zikifika nane, twende.

Asubuhi ya mwisho tuliamka na ukungu mzito. Maji hayakuonekana yanaishia wapi, na sauti zetu zilikuwa kama zinatoka nyumba ya pili. Tulipakia mahema, tukaingia mashuani na usingizi wetu. Nikatazama ufuoni, nikatazama mashuani, nikahesabu. Nane. Kilonzo akasukuma.

Sijui nikueleze vipi utulivu ule. Injini haikuwashwa; tanga lilipata upepo kidogo tu wa kutusogeza. Wenzangu walikuwa wamejikunyata, vichwa chini. Mwende aliniegemea begani, na leso amejifunika kichwani. Alikuwa baridi sana. Nikavua sweta yangu nikamfunika nayo magoti, na nikajisikia vizuri, kaka mwema anayetunza dada yake. Ningeweza kukaa vile siku nzima.

"Bado ni mbali nyumbani?" akauliza.

Nikamwambia tunakaribia. Akawa anatazama maji.

"Hapa," akasema. "Mlango wetu ulikuwa hapa."

Niamini, sauti yenyewe haikutisha. Ilikuwa ya mtu aliyechoka na safari. Lakini kwao Mwende ni Kathiani, juu kwenye vilima, kwenye migomba na maparachichi. Ana mlango gani chini ya maji? Nilitaka kugeuza shingo nimwangalie, shingo ikakataa. Ndipo nikamkumbuka susu, nikaanza kuita majina, nimetazama mbele tu. Waliitika mmoja mmoja, wengine wakilalamika kwamba nawaamsha. La Mwende nililiacha mwisho kwa sababu nililiogopa.

"Mwende."

Hakuna aliyeitika. Uzito ukatoka begani mwangu polepole, kama mtu anayeondoka asikuamshe. Maji hayakuruka. Nilipoweza kugeuka, jaketi ilikuwa imekaa pale pale, vifungo vimefungwa vyote, ndani imelowa. Sweta haikuwepo.

Kilonzo aligeuza mashua bila kuniuliza neno, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Aliwasha injini. Njia nzima nilikuwa nawaza nitasimama vipi mbele ya shangazi.

Tulimkuta Mwende amekaa juu ya jiwe ufuoni, ameikumbatia ile sufuria. Alikuwa ameiacha kwenye mawe ya jiko, akavua jaketi mashuani, akarudi mbio kuichukua. Chini yake kidogo, mchangani, kulikuwa na alama za mamba, mbichi kabisa. Hakulia.

"Nilikuita," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapa. Ulinitazama usoni, ukasema 'nane', ukageuka."

Nilimwomba msamaha pale pale, na tulipofika Kathiani nikamwomba tena mbele ya mama yake. Susu aliniangalia tu, akaendelea kuchambua maharagwe. Afadhali angenigombeza. Mwende alinisamehe, au anasema hivyo. Ila tangu siku hiyo, tukitoka mahali popote pamoja, hata kanisani, hangoji nimtafute. Anasema mwenyewe kwa sauti, "Mwende yuko," na kila mara inanichoma.

Kiangazi kilichofuata Kilonzo alinipigia simu. Maji yalikuwa yamepungua sana, akasema, na pale tulipogeuza mashua mawe ya msingi wa nyumba yametokeza. Penye mlango, juu ya jiwe la kukanyagia, kuna sweta. Imekunjwa vizuri. Akauliza kama aniletee. Nikamwambia aiache, ina mwenyewe.

Kwa hivyo wewe unayepanga safari na wenzako, ziwani au mlimani, shika hili: usihesabu vichwa. Namba inaweza kujazwa na yeyote. Ita majina, na usitoke mpaka kila mmoja aitike. Mimi naita siku hizi, na nikimaliza huwa nangoja kidogo. Yule dada aliniambia mlango wake uko wapi, na mimi sikumuuliza anaitwa nani.