Taji Lililopanda Bila Japar

Zuurakan, Zuura kwa kifupi, hakuwa mtu wa kugeuziwa shingo barabarani. Alikuwa mfupi, sauti yake ya kukwaruza, mikono imejaa makovu ya kisu cha kuchongea. Alizaliwa kwa wachunga kondoo wa milimani, akaolewa kijijini Kara-Bulak na Sadyr, fundi wa yurta, yale mahema yetu ya mviringo ya fito na sufu. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kusuka mikanda na kunyamaza. Sadyr alikuwa fundi kweli kweli, Mungu amrehemu, lakini alikuwa na gonjwa moja: kila kitu alikiweka kichwani mwake. Ufito ukipinda vibaya, "Lete hapa." Sufu ikigoma kushikana, "Tokeni, mimi nitaona." Basi siku alipoanguka akafa, karakana nzima ikabaki imetoa macho. Wanawake waliofanya kazi humo walikuwa na mikono ya dhahabu, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa anaonaje.

Msimu wa kwanza bila Sadyr, fito za paa ziligoma kupinda. Zuura akawakusanya kwenye chai, akauliza, "Jamani, tufanyeje?" Wote wakamgeukia Apal. Apal alikuwa mkubwa wao kwa umri, bibi mnene mwenye sauti ya kufukuza mbwa mwitu, na kwetu mkubwa akishasema, mdogo anafunga mdomo. Apal hakufikiri hata kidogo. "Zina maji hizo. Zianikeni." Wakaitika wote, wakaanika. Zikapasuka zote, zikawa kuni.

Baadaye ndipo Kenje, mke wa mtoto wa Apal, aliyekuwa akikaa mlangoni kumimina chai, alipomnong'oneza Zuura kwamba yeye aliziona nyufa toka siku ya pili.

"Na ukanyamaza?"

"Dada, yule ni mama mkwe wangu! Ningeanzia wapi?"

Zuura alitaka kumzaba kibao. Kisha akataka kujizaba mwenyewe, maana hata yeye alikuwa ameziona, akajiambia lazima Apal anajua zaidi. Usiku ule hakula. Asubuhi akaja na sheria yake, na sheria yenyewe ilikuwa ya kichaa.

Katika yurta, mahali pa heshima ni ndani kabisa, mkabala wa mlango. Hapo huketi mkubwa, na mdogo hukaa mlangoni pamoja na birika. Zuura akatangaza kwamba kuanzia leo, kazi ikikwama, mwenye wazo ndiye atakayeketi hapo, ahudumiwe chai kwanza, hata kama wazo lake ni la kipumbavu. Mwenye la kipumbavu zaidi, akasema, aongezewe jamu.

Weee! Wacha zogo litokee. Apal alisusa kikao, akaenda kukaa nje na kondoo. Lakini Kenje alisema, "Tuzifukie fito kwenye samadi ya moto, zipike taratibu," akaketishwa mahali pa heshima, akaletewa chai na wanawake walioweza kumzaa. Samadi ikafanya kazi. Baada ya hapo mawazo yakaanza kumwagika. Burul, mcheshi wa karakana, alitoa mawazo ya ovyo makusudi ili ale jamu, na mara moja moja la ovyo lilizaa la maana. Unajua nani alirudi akawa hodari kuliko wote? Apal. Hakuweza kuvumilia kuona watoto wanakalia nafasi yake. Akaanza kuamka na mawazo, anayatoa kabla hata hajavua kofia.

Mmoja tu hakukubali. Japar, mdogo wake Sadyr, pande la mtu, ndiye aliyekuwa akipandisha taji. Taji ni lile duara zito la mti linalokaa kileleni pa yurta. Mwanamume mrefu husimama katikati, hulinyanyua kwa mti wenye panda, na wengine huchomeka fito za paa kulizunguka. Bila mtu huyo hakuna paa. Japar alilijua hilo vizuri sana.

Siku moja, mashindano ya kusimamisha yurta yakiwa yamekaribia, alimkuta Kenje mahali pa heshima akinywa chai. Akabaki amesimama mlangoni.

"Shemeji, huyu ndiye nimpishe mimi?"

"Toa wazo, shemeji, ukae," Zuura akajibu.

"Mimi wazo langu ni moja. Hii ni karakana ya kaka yangu, siyo sherehe ya wendawazimu." Akachukua kofia yake. "Kapandisheni taji wenyewe. Kwa midomo."

Akaenda moja kwa moja kwa wazee wa kijiji, na wazee wakamwunga mkono. Wakamwita Zuura wakamwambia bila kupepesa: yurta yake isiposimama mashindanoni mbele ya watu, au ikisimama ya mwisho, karakana inarudi kwa Japar, na wanawake watarudi kusuka mikanda. Zuura alitembea hadi nyumbani akilia waziwazi, hakujali nani anamwona.

Siku iliyofuata aliwaambia wote. Halafu Burul akajikohoza.

"Mimi naona tumwingize farasi ndani, Kenje apande mgongoni."

Wakacheka hadi Apal akashika mbavu. "Farasi akinya je, waamuzi watatupa alama ngapi?"

"Atavunja ukuta," Zuura akasema, "lakini endelea, jamu ni yako."

Kenje hakucheka. Alikuwa amelikodolea macho taji pale chini. "Farasi tunamtakia nini? Miguu. Basi si tulipe taji miguu yake? Tuchomeke fito nne likiwa bado chini, tukaze kwa kamba, watu wanne wanyanyue kwa mpigo, kila mmoja na wake, mpaka ncha zikae juu ya ukuta. Katikati pasiwe na mtu kabisa."

"Likiegemea upande mmoja, linatupasua vichwa," Apal akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi tufunge kanda za manyoya ya farasi pande zote, na wengine wazishike." Apal akageuka. "Sogea, mkwe wangu, nami nikae. Hapo panatutosha wawili."

Siku ya mashindano malisho yote ya juu yalifurika watu, farasi, na moshi wa nyama. Japar alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani, wazee wawili pembeni yake. Filimbi ikalia. Kuta zikasimama haraka, fremu ya mlango ikafungwa kwenye kuta, na wakati vikundi vingine vinaita wanaume wao warefu, wanawake wa Kara-Bulak waliinama kuzunguka taji lililolala chini.

"Wamechanganyikiwa," mtu akasema. "Wanaliombea dua."

"Haya! Pamoja!" Zuura akapiga kelele.

Taji likapanda. Lilipanda polepole, limetulia, na watu wakaanza kuguna kwa mshangao. Hapo ndipo upepo wa milimani ulipoteremka na kulikumba taji hewani. Ka! Ufito wa Burul ukavunjika katikati, na taji likaanza kuinamia upande wake.

Zuura alikuwa ameshika ufito wa upande wa pili. Akafungua mdomo atoe amri, na hakuna amri iliyotoka. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Akajua kwamba yamekwisha.

"Niachieni mimi, uzito ninao!" Ilikuwa sauti ya Apal. Bibi yule alikuwa ameshaudaka ukanda wa upande wa Zuura, akajizungushia kiunoni, akajining'iniza mzima mzima, buti zake zikaachana na nyasi. Taji likasita, likajinyoosha. "Burul! Ufito mwingine, unangoja mjomba wako?" Tayari Kenje alikuwa amemrushia Burul ufito mpya, na Burul, bila mzaha hata chembe siku hiyo, akauchomeka akausukuma hadi juu ya ukuta. Ncha nne zikakaa. Fito zilizobaki zikaingia moja baada ya nyingine, sufu ikatandazwa, kamba zikakazwa. Kikundi kilichokuja kuwa cha pili, pamoja na mwanamume wao mrefu, kilikuwa bado kinahangaika na paa.

Watu walipiga kelele hadi farasi wakaruka. Walishinda! Walishinda mbele ya wazee, mbele ya upepo, mbele ya kila aliyesema wanauombea dua mti. Mwamuzi mkuu akaja akipangusa jasho.

"Ufito ulipovunjika, nani alitoa amri?"

Wazee walikuwa wakisikiliza. Zuura angeweza kusema ni yeye.

"Si mimi," akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha. "Mimi sikuwa na la kusema. Hawakunisubiri."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akavua kofia, akamwinamia, akaondoka. Hakuna aliyetaja tena karakana kurudi kwa mtu.

Japar alibaki. Alizunguka yurta mara kadhaa, akagusa kamba, akaangalia juu kwenye taji. Mwishowe akamfuata Zuura, kofia mkononi.

"Shemeji, naweza kuja Jumatatu?"

"Usiniulize mimi. Waulize wao."

Wanawake walikuwa wameketi kwenye nyasi wakila nyama, wanabishana kwa kelele jinsi ya kuzuia ufito usivunjike tena. Japar akasimama mbele yao, hajui mikono aiweke wapi. Akarudia swali lake. Aliyemjibu alikuwa Kenje, ambaye mwaka jana asingethubutu kuinua macho mbele yake.

"Karibu, kaka," akasema, akimsogezea nafasi. "Wewe una wazo gani?"

Japar akakuna kichwa, akaketi, akaanza kufikiri.