Mwalimu anayewaonyesha watoto baba zao saba ukutani

Saa mbili asubuhi, darasa la nne, kijijini mkoani Naryn, Kirgizistani. Mwalimu Zuurakan Eshimova anafunga mapazia, anafuta vumbi kwenye projekta aliyoinunua kwa mshahara wake wa miezi miwili, na milima ya kwao inatokea ukutani kama inavyoonekana kutoka angani.

"Haya, Meerim, tupe baba zako."

Meerim, mwenye miaka kumi, anaanza na baba yake mzazi, kisha babu, na kurudi nyuma kizazi kwa kizazi upande wa baba hadi wa saba, bila kuvuta pumzi. Kila jina, mwalimu anabofya ramani: huyu alichungia hapa, yule kazikwa pale. Maelezo hayo watoto wameyarekodi wenyewe kwa simu, kutoka kwa wazee wa nyumbani.

Mkirgizi asiyewajua baba zake saba hana pa kuuweka uso wake. Zamani watoto walikariri tu. Siku hizi, kwenye maarifa ya jamii, wanapaona walipoishi. Kati ya wanafunzi 19 wa Zuurakan, 11 wazazi wao wako Urusi wakitafuta riziki. Kila somo analirekodi na kuwatumia.

Kukosea anakosea. Mwezi wa nne alibofya bonde silo, na kesho yake mzee Sagynbek, babu wa mmoja wa wanafunzi, akatinga mlangoni na fimbo.

"Mwalimu, babu yangu umemhamishia kwa wakwe zake. Marehemu kakukosea nini?"

"Nisamehe, baba. Kaa, tumrudishe kwake."

Wakamrudisha. Mzee akausogelea ukuta, kisha akauliza taratibu, "Na wajukuu zangu kule Urusi, haya wanayaona?"

Swali hilo lilimchoma Zuurakan, kwani naye ana mjukuu huko Urusi, mjini Yekaterinburg. Adilet ana miaka saba, na bibi yake amempakata mara moja tu, akiwa mchanga. Tangu mwaka jana anamtumia masomo yake. Kila akimuuliza mwanawe kama mtoto anayatazama, jibu ni lilelile: "Mama, nimechoka, tutaona."

"Nina hamu naye mpaka mikono inaniuma," anasema mwalimu huyu wa miaka 56, na machozi hayafichi.

Juzi, wakati wa mapumziko, ukaingia ujumbe wa sauti. Alikuwa Adilet, kwa Kikirgizi cha kusuasua, akitaja baba zake: wa kwanza, wa pili, hadi wa sita.

"Bibi, wa saba baba kamsahau. Wewe unamjua?"

Kumbe mwanawe alikaa chini, akamfundisha mtoto mwenyewe, mpaka alipoishiwa.

Watoto wa darasani walitaka jina litumwe papo hapo. Zuurakan akawakatalia. Jioni alimpigia mwanawe na kumwambia kwamba shule zikifungwa wapande treni waje wote wawili, yeye na mtoto.

Mwana alisema ataangalia likizo kazini. Zuurakan ameshatandika kitanda.

"Masomo yangu yote nimeshawatumia," anasema. "Hilo jina moja, hapana. Waje walichukue hapa."