Mhakiki Anayeipa Skrini Mgongo

Saa nane na robo mchana, jua la Bugarama linachoma kweli kweli, lakini ndani ya ukumbi wa Jean-Paul ni giza. Madirisha yamezibwa kwa mifuko mitupu ya saruji. Watu zaidi ya mia wamebanana kwenye mabenchi, macho yote mbele. Ni mmoja tu aliyeipa skrini mgongo: Mukarugwiza, mama wa miaka arobaini na tisa. Ameketi kwenye kigoda kando ya skrini, beseni la karanga mapajani, anawatazama watu.

Hajakasirikia filamu. Yuko kazini, tena kazi mbili kwa mpigo. Anauza karanga za kukaanga, koni ya karatasi faranga mia moja. Halafu yeye ndiye mhakiki anayeogopwa kuliko wote katika tamasha hili la filamu za kutisha na za ajabu, lililotimiza mwaka wake wa nne.

Siku ya mwisho huchukua chaki na kuandika mlangoni filamu tano alizozichagua. Hizo tano hurudiwa Jumapili. Nyingine ishirini na kitu hurudi zilikotoka, na wenye kununa wananuna.

"Mi siangaliaka filamu," anasema, huku vidole vikikunja koni bila yeye kuvitazama. "Naangaliaka mikono ya batu. Muntu akiogopa hawezi tafuna. Mukono unaingia mu karanga, unabakia palepale."

Mukarugwiza, ambaye kila mtu hapa humwita Maman Gaju kwa jina la binti yake, alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi Rwanda akiwa msichana. Alilima mpunga wa watu, akauza nyanya mpakani Ruhwa, mgongo ukamshinda. Karanga ndizo zilizomsomesha Gaju. Siku njema humwachia faranga elfu nne. Siku ya filamu nzuri, anasema kwa kicheko, huenda nyumbani na beseni kama lilivyokuja.

Uhakiki wenyewe ulianza kwa ugomvi. Mwaka wa kwanza wa tamasha, alimfuata Jean-Paul, mwenye ukumbi, akiwa amefura. Filamu moja ilikuwa imeonyeshwa saa nzima na hakuuza hata koni moja. Akamtaka asiirudishe tena, inamharibia kazi.

Jean-Paul, fundi wa zamani wa malori, akafikiri kidogo. Jumapili akairudisha. Watu walikuja kutoka Rwimbogo na Gikundamvura kwa miguu, wengine wakasimama nje wakisikiliza sauti tu.

"Batu ba Kigali bananitumiaka maoni, page mbili, page tatu," anasema Jean-Paul. "Maman Gaju ananiambia koni ngapi zimebakia. Njo mwisho."

Mwaka huu filamu ya gharama kubwa kuliko zote ilimwaga damu tangu mwanzo hadi mwisho. Karanga ziliisha kabla ya nusu. "Batu balikuwa banacheka na midomo imejaa," anasema Maman Gaju, na hapo habari yake imekwisha. Lakini ile ya kinyozi ambaye kioo chake humwonyesha mteja jinsi atakavyokuwa kesho iliuza koni tatu tu. Hajui jina lake. Kwake ni "ile ya Kinyozi", na inaongoza.

Leo, hata hivyo, mikono yake mwenyewe haitulii. Filamu inayoanza sasa inaitwa *Mfereji wa Saba*. Imepigwa kwa simu, katika mashamba ya mpunga ya hapahapa Bugarama, na aliyeitengeneza ni Gaju, miaka ishirini na minne, mfanyakazi wa studio ya picha. Ni kazi ya miezi kumi na mmoja. Isipoandikwa mlangoni, itaonekana leo tu, basi.

Asubuhi, wakipepeta karanga uani, binti alimwambia mama yake: "Maman, usinionee huruma. Ukiniandika bure, mi nitajua."

"Sitakuandika bure," mama alimjibu. Kisha wakaendelea kupepeta.

Dakika ishirini za kwanza ni mateso. Watu wananunua. Kijana anainua mkono, mama mmoja anataka koni mbili, fundi wa saruji anaomba aongezewe chumvi. Maman Gaju anauza, na kila koni inayotoka inamuuma. Gaju amesimama nyuma kabisa ukutani, anaona kila mkono unaoinuliwa.

"Toka nizaliwe, njo mara ya kwanza niliomba Mungu nisiuze," atasema baadaye.

Halafu mgongoni mwake anasikia maji. Katika filamu, mwanamke amefungulia maji ya shamba lake, na maji yanapita yakimwita kwa jina, kwa sauti ya jirani yake marehemu, aliyeuchimba mfereji wenyewe. Maman Gaju haoni kitu. Anachoona ni Nasiri, mkulima wa mpunga, benchi la pili: koni mkononi, taya limesimama. Aliyeketi kando yake naye vilevile. Kisha benchi zima.

Nusu saa nzima hakuna anayetafuna. Shingo inamwasha, anatamani kugeuka. Hageuki.

Taa zinapowashwa, Nasiri anatoka na koni yake ikiwa imejaa. "Ile maji nafunguliaka kila asubui," anasema. "Kesho nitasikiliza kwanza."

Maman Gaju anachukua chaki. Kinyozi wa kwanza. Ya pili na ya tatu anaziandika haraka. Kwenye ya nne anaandika: *Mfereji wa Saba*. Ya tano ni filamu moja ya watu waliotoka nyotani.

Gaju anasoma. "Ya ine, Maman?"

"Mwanzo ilinunulisha karanga, mwana wangu. Koni makumi mbili na kenda. Kata ule mwanzo." Anapangusa chaki kwenye kitenge. "Kisha maji ikaita, nikabakia na beseni. Nilisikia raha, sina namna ya kukuambia."

Binti anacheka, machozi yakimlengalenga. Furaha ya mama haifichiki. Anaipanga mikunjo ya kitenge chake ambayo tayari imekaa sawa.

Kuhusu kesho, Jumapili, wamekwisha kupatana. Maman Gaju atalipa kiingilio kama mteja yeyote, akae benchi la mbele na koni moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne aitazame skrini.

Kigoda na beseni atavishika Gaju. Ataipa filamu yake mgongo, na katika ukumbi mzima atautazama mkono mmoja tu.