Kasiksi ya Vitasa

Athanase alikuwa mtu wa Nyabiondo, wa ukoo wa wahunzi, na kama ulitaka kumuudhi, ulimwita makanika. "Makanika anafungua na kufunga tu," angekujibu. "Mimi njo ninatengeneza." Baba yake alifua majembe na mikuki. Yeye alikuta majembe yanatoka dukani, basi akaishia Kirolirwe, kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja, akiunga ndoo zilizotoboka na kuhangaika na tanuri la kukaushia maua.

Mzungu huyo watu walimwita Makelele, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuwa mbaya kupita wenzake. Alikuwa na gari jeusi, refu, la kabla ya vita, lenye kioo kizito kati ya dereva na watu wa nyuma, na alilipenda kuliko ng'ombe wake wote. Shida yake ilikuwa milango. Vitasa vililika, gari likiingia shimoni mlango unajifungukia. Mwaka wa hamsini na nne, kwenye mteremko wa Sake, binti yake mdogo alichezea kishikio cha ndani, mlango ukafunguka mzima, mama mtu akamdaka kwa gauni. Siku hiyo Makelele alifoka mpaka sauti ikamkauka.

Akaagiza vitasa vipya kutoka Ulaya, vinavyong'aa, vya kubonyeza kwa kidole gumba.

"Na ndani, huku nyuma, sitaki kitu," akasema. "Toa vishikio vyote, ziba matundu. Mutoto asipate hata pa kushika."

"Na muntu akitaka kutoka, Bwana?"

"Dereva atamufungulia. Njo kazi yake."

Haya, Athanase akaingia kazini. Vitasa vya Ulaya vilikuwa vidogo kwa milango ile ya zamani, hivyo alikata bati, akaziba matundu, akapiga tupa ulimi wa kila kitasa mpaka ukaingia pake bila kulazimishwa. Bawaba zilizolegea alizitia pini mpya. Mwishowe ulisukuma mlango kwa kidole kimoja, nao ukajifunga: tk. Hata Théophile, dereva, ambaye hajawahi kusifu kitu tangu azaliwe, alifungua na kufunga, akafungua tena na kufunga. "Aka! Sasa hii njo gari."

Lakini mlango usiofunguka kwa ndani ulimkaa Athanase rohoni. Mtego wa panya ndio unaotengenezwa hivyo, si kitu cha kukalia watu. Basi akachukua nyaya za breki za baiskeli, akazifunga kwenye ulimi wa kila kitasa cha nyuma, akazipitisha ndani ya mlango na chini ya zulia, na kila mwisho akautia kitanzi cha ngozi, kando ya mguu wa kiti. Mtoto hawezi kukiona. Mtu mzima aliyeonyeshwa anainama, anavuta, mlango unafunguka.

Ila lazima aonyeshwe. Na Athanase hakumwonyesha mtu.

Kwao, kazi ya mhunzi ina kasiksi yake, pombe ya ndizi, mbali na malipo. Aliyefuliwa kitu anaileta mwenyewe. Mhunzi anakunywa wa kwanza, ananawa mikono kwa kidogo kilichobaki, kisha anakiweka kitu mikononi mwa mwenyewe na kumwambia siri yake yote. Kabla ya kasiksi, mdomo wa mhunzi umefungwa. Makelele alimpa mshahara wa kila siku, na sigara moja juu yake. Athanase alijaribu, masikini: "Kwetu, Bwana, kazi kama hii iko na kinywaji yake." Makelele akacheka mpaka akakohoa. "Ninyi mambo yenu yote ni pombe!" Akapanda gari lake akaenda.

Athanase akanuna. Alijua kununa, huyo!

Mkewe Euphrasie alimtania huku akipeta maharagwe. "Unangojea kasiksi ya muzungu? Utazeeka nayo. Si umwambie tu hiyo siri yako?"

"Nani amekuambia kuko siri?"

"Nimelala na wewe miaka mingapi? Ukificha kitu unatembea kama umeiba kuku. Basi niambie mimi."

"Wewe si mwenye gari."

"Haya, baba wa gari," akasema, wakacheka wote wawili.

Mvua zilipoanza, Euphrasie alishikwa na tumbo. Siku ya kwanza alisema ni maharagwe. Ya pili alijikunja tu ukutani, na jasho lilimtoka kwenye baridi ile ya Kirolirwe. Athanase alikimbia nyumba kubwa, na Makelele, tumpe haki yake, hakusita hata kidogo. "Théophile! Toa gari! Mupeleke hospitali!"

Athanase alimbeba mkewe mwenyewe, akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika blanketi. Alipotaka kupanda naye, Makelele akamshika bega. "Wewe baki. Tanuri imezimika, pareto yote itaoza. Utamufuata kesho."

Euphrasie alimtazama. "Athanase, huku ndani hakuna hata pa kushika."

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo hapo, fupi tu: vuta kitanzi, kando ya mguu wa kiti. Lakini Makelele alikuwa amesimama nyuma yake, Makelele wa sigara moja, na Athanase aliona ni kujidhalilisha kuitoa siri bure mbele ya macho ya mtu aliyemcheka. Atamwambia kesho.

"Théophile atakufungulia," akasema. Akasukuma mlango kwa kidole. Tk. Na Mungu anajua, hata saa ile aliusikia ule mlio akaona raha.

Daraja la magogo la bondeni lilikuwa limelegezwa na maji. Gari lilipofika katikati, magogo yakaachana, likaangukia mtoni kwa ubavu wa kulia. Théophile alitokea mlango wake wa mbele, maji yakamzoa, yakamvunja mkono kwenye mawe na kumtupa mbali. Alirudi akitambaa. Alimsikia mama yule akipiga kioo, akiita. Kisha hakumsikia tena.

Walipomtoa, kucha zake zilikuwa zimevunjika. Alikuwa amekwangua kwenye mlango wa kushoto, uliokuwa juu, pale pale kishikio cha zamani kilipokuwa, pale Athanase alipopaziba kwa bati na kupalainisha vizuri.

Msibani Athanase hakulia. Watu wakasema ni mshtuko. Makelele alikuja kwa miguu, kofia mkononi, nyuma yake wafanyakazi wawili na mtungi. Kuna mtu aliyemwambia kwamba msibani watu hawaendi mikono mitupu.

"Athanase," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema polepole, "nimekuletea kasiksi. Pole sana. Kunywa."

Athanase akaupokea mtungi. Akanywa wa kwanza. Kisha akamimina kidogo kiganjani, akanawa mikono, na wazee wa Nyabiondo waliokuja kumzika mke wake wakatazamana, kwa maana hakuna anayenawa kwa kasiksi ya msiba.

"Kuja, Bwana," akasema. "Sasa ninaweza kukuonyesha."

Gari lilikuwa limevutwa na ng'ombe mpaka mbele ya tanuri, limejaa matope. Athanase aliingia nyuma kwa mlango wa kushoto, akakaa pale mkewe alipolazwa, akaufunga. Tk. Kupitia kioo kichafu walimwona anainama. Mlango ukafunguka, laini, bila kelele.

"Njo vile inafunguka," akamwambia Makelele.

Akaufunga tena. Akavuta tena. Ukafunguka.

"Kitanzi iko hapa. Hata mugonjwa anaweza."

"Athanase, acha!" Théophile alipiga ukelele, mkono wake umefungwa kwa kitambaa shingoni. "Kwa Mungu, acha! Nilikuwa namusikia anapiga kioo!"

Lakini Athanase aliufunga tena, akavuta, ukafunguka. Kitasa kilikuwa kizima. Hakikukwama hata mara moja.