Filimbi ya Mtu wa Nyuma

Mjomba wangu fundi viatu hakubali mtu atembee nyuma yake. Sokoni, ngazini, hata kwenye korido ya hospitali, utamwona anajibanza ukutani na kusema, "Pita, pita wewe." Miaka mingi nilidhani ni adabu. Nilikuwa namtania kwamba kazi aliyoikosa maishani ni kusindikiza maharusi. Anacheka kidogo, kisha anangoja nipite.

Duka lake ni chumba kimoja kati ya muuza misumari na muuza vioo. Ndani kuna harufu ya gundi, cherehani ya mkono iliyonizidi umri, na rafu ya viatu ambavyo wenyewe wamevisahau. Kila mwezi anavipiga rangi. "Mwenyewe akija asikute mtoto wake mchafu," husema. Huyo ndiye mjomba: mpole kupita kiasi, mdomo mzito, vidole vimejaa makovu ya msharasi wa kutobolea ngozi. Mimi sikurithi chochote kwake. Mimi nikikasirika, mtaa mzima unajua.

Zamani walikuwa watatu. Mjomba, baba yangu, aliyekuwa mpiga chapa, na fundi bomba mmoja tuliyemwita Dira, kwa sababu hakuwahi kupotea hata kwenye ukungu. Kila mwaka walifunga kazi siku tisa, wakabeba mashanta na kwenda kutembea njia ndefu ya milimani, kibanda hadi kibanda, huko juu kwenye theluji. Mama aliwaona vichaa. "Wenzenu wanaikimbia baridi, nyinyi mnaifuata na mizigo mgongoni," aliwaambia. Lakini ndiye aliyemfumia baba soksi.

Walikuwa na mpango wao wa kutembea na hawakuuvunja. Dira mbele, mjomba katikati, baba nyuma, maana baba alikuwa mzito wa hatua na alipenda kusimama akatazama. Kila mmoja alivaa filimbi shingoni. Kila baada ya muda Dira alipuliza mara moja. Mtu wa nyuma alijibu mara mbili: nipo, endeleeni. Asipojibu, wote wanasimama mpaka aonekane. Filimbi ya baba ilikuwa ya plastiki, sauti yake nyembamba, imenyooka. Ya mjomba ilikuwa ya chuma, ya enzi alizokuwa mwamuzi wa mpira, yenye kigoroli ndani, hivyo sauti yake ilitetemeka. Nilipokuwa mdogo tulifanya mazoezi sebuleni, mimi nikiwa Dira, mpaka mama akatufukuza.

Mwaka ule baba hakurudi. Siku ya sita dhoruba ya theluji iliwakuta kwenye sehemu ya juu kabisa ya njia. Dira na mjomba walifika kibandani, wakangoja, baba hakutokea. Waokoaji walimkuta asubuhi yake, ameketi juu ya shanta lake kando ya njia, filimbi iko katikati ya meno. Ajabu ni kwamba hilo la filimbi lilitufariji. Tulijiambia alikuwa anaita mpaka mwisho, kwamba hakukata tamaa.

Lawama zilimwangukia Dira. Aliyekuwa mbele ni yeye, na wa mbele ndiye wa kusimama. Mama alimuuliza hadharani, msibani, kwa nini hakusimama. Akajibu tu, "Sikusimama, shemeji. Kosa ni langu." Mjomba alikuwa amekaa pembeni anatazama viatu vyake. Tukadhani ni uchungu. Mama akamwambia Dira asikanyage tena kwetu, na kwa miaka kumi na moja hakukanyaga, isipokuwa siku moja bomba la jikoni lilipopasuka, akaja na vifaa vyake bila kuitwa. Nilimfungia mlango usoni. Kisha nikashinda napiga deki maji hadi jioni, nikijiona shujaa.

Nilichoshindwa kuelewa ni mjomba. Aliendelea kumtengenezea Dira viatu, tena kabla ya wateja wengine wote. Nikivikuta pale mezani damu inanipanda.

"Unamshonea mtu aliyemwacha baba?"

Mjomba anainamia cherehani. "Viatu havina kosa, mpwa wangu."

Mwaka huu, baridi ilipoanza, Dira aliingia dukani nikiwa nimempelekea mjomba chakula. Alikuwa amekonda, koti limemzidi, anavuta pumzi kama anayeiiba. Mkononi hakuwa na kiatu. Akanisalimia, nikanyamaza. Akamgeukia mjomba.

"Daktari anasema mapafu yamekwisha. Niombee kwa dada yako niende nyumbani kwake. Nataka nimwombe msamaha kabla sijaondoka."

Mjomba aliweka msharasi chini. Uso ulimbadilika nikadhani amejidunga.

"Wewe ndiye umwombe msamaha?"

"Kwani nani mwingine?" Dira akasema.

Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Aje Jumamosi. Na asikae sana."

Walikuja pamoja, mjomba nyuma kama kawaida yake. Niliwawekea chai bila kumtazama Dira. Mama alikaa kwenye kiti cha baba, mikono mapajani. Dira akaanza kusema aliyokuwa ameyaandaa, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbele, na hapohapo mjomba akamkatiza. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mjomba akimkatiza mtu.

"Dada, niliyejibu ni mimi."

Mama hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

"Dira alipuliza. Shemeji hakujibu. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, kibanda hakikuwa mbali, nikaona tukisimama pale tutaganda. Nikasema moyoni, huyu anafunga kamba za viatu, atatukuta. Nikapuliza mara mbili. Kwa niaba yake. Dira akaendelea. Akaita tena, nikajibu tena. Mara tatu, dada. Dira hana kosa. Miaka yote hii amebeba mzigo wangu."

Alikuwa analia. Mtu wa miaka sitini, kofia mkononi, analia mbele ya chai. Nilimtazama Dira nikitarajia amrukie, mimi ningemrukia. Alikuwa anatikisa kichwa polepole.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Filimbi yako inatetemeka. Ya marehemu haikutetemeka hata siku moja. Mara ya kwanza tu nilijua ni wewe." Akangoja pumzi imrudie. "Na mimi nilikuwa naumwa na baridi. Nikasema, kama aliye karibu naye ameridhika, mimi ni nani. Kwa hiyo usinisafishe. Nilijua, na nikaendelea kutembea."

Nilikuwa na neno la kuwaambia wote wawili, tena lenye makali. Lilifika hadi kwenye meno. Kisha nikakumbuka mlango wa jikoni na yale maji niliyoyapiga deki, nikalimeza.

Mama aliinamia mikono yake. Si mtu wa kulia. Machozi yake aliyamaliza mwaka ule. Aliponyanyua kichwa, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza ni saa ngapi.

"Upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Wakatazamana. "Mbele, dada," mjomba akasema. "Ulikuwa unatupiga usoni."

"Ndiyo maana hamkumsikia."

"Ndiyo maana."

"Lakini yeye aliwasikia nyinyi."

Mjomba akaikunja kofia yake.

"Alimsikia Dira anaita," mama akaendelea. "Bila shaka naye alipuliza. Halafu akaisikia filimbi yako, mdogo wangu, inamjibia yeye. Kama Dira aliijua, mume wangu pia aliijua. Akakusikia mara tatu unasema yupo."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini. Miaka kumi na moja nilimwona baba akiita mpaka mwisho, na picha hiyo ilinisaidia kulala. Sikuwahi kujiuliza kwa nini alikuwa ameketi. Mtu anayewafuata wenzake haketi juu ya shanta lake. Aliketi kwa sababu alisikia, akajua hakuna atakayesimama. Roho iliniuma nikatoka nje bila viatu.

Niliporudi walikuwa wameondoka. Mama anamwaga chai kwenye sinki, kikombe kimoja kimoja, vyote vimejaa.

Hakusema na mjomba tena. Mimi nilikwenda dukani mara moja, nikakaa, tukashindwa kuongea, nikaondoka. Siku moja tulikuta viatu vya mama vya kutokea viko kizingitini, vimetiwa soli mpya na kupigwa rangi. Sijui alivichukua lini. Mama aliviingiza ndani bila neno, akaviweka chini ya kitanda.

Dira alifariki kabla baridi haijaisha. Nilidhani mama hatakwenda kuzika. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu vile, ameshika mkoba, ananiuliza nachelewa nini.

Tukitoka makaburini, theluji nyepesi ilikuwa inaanguka na njia inateleza. Mama alitembea kwa shida kwa sababu ya magoti, nami nimemshika mkono. Watu walitupita wote. Nyuma yetu alibaki mjomba peke yake, mbali kidogo, anajifanya anatazama mawe. Tulipofika langoni mama akasimama.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Hapana."

Hakugeuka. Alingoja mpaka mjomba akatufikia, akajibanza kwenye nguzo ya lango, akasema yale yale yake, kwa sauti ya chini. "Pita, dada."

"Tangulia wewe," mama akamwambia. "Leo wa nyuma ni mimi."

Mjomba alimtazama kama hakusikia. Mama akaniachia mkono, akanisukuma na mimi mbele. Tukatangulia. Kila baada ya hatua chache mjomba alisimama, akageuka, akangoja mpaka mama amsogelee, ndipo akaendelea. Kutoka pale hadi nyumbani ni dakika kumi. Siku ile tulitumia karibu saa nzima.