Uso Ulioanikwa Pamoja na Dagaa

Juzi, katika duka la vipodozi pale mtaa wa Mukendo, mama muuza dagaa wa soko la Mwigobero, kando ya ziwa, alikuwa mbele yangu, amejishika mashavu kama anayezuia yasipasuke.

"Mdogo wangu, uso unanibana. Nikicheka unavuta. Nipe krimu kali."

Muuzaji, binti mwenye uso unaong'aa, hakugusa rafu. "Unanawaga na nini?"

"Sabuni ya mche, ile ya kufulia. Harufu ya dagaa haitokagi na nyingine."

"Halafu?"

"Nakaa juani, upepo wa ziwa unanikausha, ndipo napaka mafuta."

"Na dagaa mnazikaushaje, mama?"

"Tunaosha, tunaanika juani, upepo unamalizia." Akataka kucheka, akaishia katikati, mashavu mkononi.

Binti akamwambia atafute sabuni laini ya kuogea, na mafuta yaleyale ya nyumbani ayapake uso ukiwa bado na unyevu.

"Krimu je?"

"Haihitajiki."

Ndivyo tulivyo. Tuna ziwa zima mlangoni, na nyuso tunazianika kama dagaa. Tofauti ni kwamba dagaa wakikauka ndipo wanapopata bei.