Taja Alama Kwanza

Paskasi Sulle alifungwa mwaka elfu mbili ishirini na moja. Hapana, ishirini na mbili. Ishirini na moja alikuwa bado anachunga kijijini Sigino, na ng'ombe wake mwenye baka alikuwa hajazaa mapacha.

Alipewa miaka thelathini kwa kumpora Wilbroad, bodaboda wa Singe, pikipiki yake kwa panga, alfajiri yenye ukungu. Wilbroad aliwaambia polisi neno moja tu, kwamba akimwona atamjua. Siku ya nne akamkuta Paskasi kituoni ana pingu, kaletwa kwa sababu ng'ombe wake walikula mahindi ya watu. Akasema ndiye huyu.

Paskasi akakata rufaa. Wakili hana, shule aliishia darasa la nne. Konstantini, mfungwa mwenzake, alimsomea mwenendo wa kesi mara tatu, kisha akamtania kwamba labda atamweleza Jaji habari za mifugo. Paskasi akasema hizo ndizo anazozijua.

Mahakama Kuu pale mjini, mkewe Kandida akiwa benchi la nyuma, Paskasi alisimama kama mtu aliye kwenye boma lake.

"Mheshimiwa Jaji, kwetu ng'ombe akipotea, mwenyewe haonyeshwi zizi la aliyemwokota. Anasimama nje, anataja alama: sikio limekatwaje, pembe ipi imepinda. Akishataja, ndipo anafunguliwa. Ukimwonyesha kwanza, kila mtu atapata ng'ombe. Wilbroad alifunguliwa zizi kwanza. Na ndani nilikuwemo mimi tu, nimefungwa kamba."

Jaji akaacha kuandika. Akamwuliza wakili wa serikali ni ukurasa gani shahidi alitaja urefu wa mwizi, sura au mavazi yake. Wakili akafunua, akafunua tena, mwisho akakiri kwamba haupo.

Wiki tatu baadaye ikasomwa hukumu: utambuzi wa namna ile hautoshi kumfunga mtu. Paskasi akaachiwa. Kandida alitaka wapande bodaboda, yeye akakataa. Wakapita katikati ya mji kwa miguu, kichwa juu.

"Acha waniangalie vizuri, Mama Nehemia," alimwambia mkewe, "wasije wakanichanganya tena."

Wilbroad alikuja baadaye na kilo mbili za sukari, akaomba yaishe. Paskasi akampa kiti na maziwa, wakapatana. Ila kuna jambo alimwuliza siku ile kwa upole, na hata leo wakikutana mnadani humwuliza:

"Yule mtu wa alfajiri ile, alikuwaje?"